Kitambaa Kilichotakiwa Kuvuja

Mimi kukaa sijui. Nalisema mapema ili usije ukafika katikati ukaanza kuuliza huyu mzee mbona anarukaruka. Kanisani kwetu Uthiru kulikuwa na mfereji wa maji nyuma ya chumba cha mchungaji, ulikuwa ukidondoka, na waumini wote walikuwa wameuzoea kama mtu anavyozoea kuku wa jirani. Mimi uliniwasha sikio mpaka nikainuka katikati ya mahubiri, nikaenda kuukatia washa mpya, ile pete ya kuzuia maji, kutoka kwa kipande cha kandambili. Niliporudi mama watoto akaninong'oneza, "Hata Mungu anangoja uketi." Nikaketi, lakini miguu iliendelea kutembea chini ya benchi.

Nilikuwa fundi wa mifereji. Shule niliiacha darasa la tatu, na sitasema ni umaskini peke yake, maana wazee wa rika langu wote husema umaskini. Benchi lilinishinda. Nikamfuata mjomba aliyekuwa akifunga paipu za chuma katika nyumba za wazungu, na tangu hapo maisha yangu yote yakawa vita na kitu kimoja tu, maji kutoka pale yasipotakiwa kutoka. Kilimani nilifunga matangi wakati kila nyumba ilikuwa na bustani yake na mbwa wake, nikarudi kufunga mengine wakati nyumba hizo zilibomolewa zikapandwa gorofa. Spring Valley nimelala chali chini ya sinki za watu ambao hata leo nikikutana nao siwezi kuwajua kwa sura. Ningewajua kwa viatu.

Sasa hii habari ni ya ile miaka ya elfu mbili na kitu. Simu ndogo za tochi zilikuwa zimeshaingia kila mfuko, na magoti yangu yalikuwa yamenistaafisha bila kuniuliza. Kustaafu kwa mtu kama mimi ni adhabu. Nilikuwa nikizunguka nyumba nikikaza vitu vilivyokwisha kukazwa, mpaka mama watoto akaficha spana kubwa ndani ya pipa la unga wa mahindi.

Huyo mama watoto mkono wake wa kulia haunyooki. Sufuria ya maji ya moto ilimpindukia tukiwa bado vijana, na ngozi ilipopona ilipona kwa kuvuta, kama kitambaa kilichoshonwa kikiwa kimekunjwa. Chai huimimina kwa mkono wa kushoto. Kitinda mimba wetu, binti, alijifunza kumimina kwa kushoto kwa kumtazama, akaenda nayo mpaka shule ya malezi, akachapwa na mwalimu. Alirudi akilia, akasema, "Lakini ndivyo chai inavyomiminwa." Wewe ungemjibu nini mtoto kama huyo?

Basi huyo binti alisoma. Alisoma mpaka nikadhani vitabu vitaisha. Mwishowe akapata kazi katika maabara moja, nyumba kuukuu ya mawe huko Spring Valley, iliyotolewa vitanda ikajazwa mitungi na mashine. Nikamuuliza anafanya nini huko.

"Tunatengeneza ngozi, Baba."

"Ya ng'ombe?"

"Ya watu."

Nikamwambia asimweleze hivyo mchungaji.

Alinifafanulia polepole, akichora kwa kidole juu ya meza. Mtu aliyeungua vibaya ngozi yake haina pa kushika ikitaka kuota upya. Kwa hiyo wao wanamtengenezea kiunzi. "Si unajua gorofa ikijengwa, kwanza mnasimamisha kiunzi, mafundi wapate pa kupanda? Sasa ndani ya mwili mafundi ni seli, vitu hai vidogo sana. Wakipata kiunzi wanaingia, wanajenga. Wakimaliza, kiunzi kinayeyuka chenyewe." Hicho kiunzi kilikuwa kitambaa cheupe, laini, kama pamba iliyolaliwa. Walikifuma bila mkono wa mtu: uji mzito wa aina ya plastiki unawekwa ndani ya sindano, umeme mkali unauvuta kutoka kwenye ncha, unakuwa uzi mwembamba kuliko wa buibui, nyuzi zinarundikana ovyo ovyo mpaka zinakuwa shuka.

Shida ilikuwa vitundu. Seli lazima ziingie ndani ya kitambaa. Vitundu vikiwa vidogo zinabaki juu, kama wafanyakazi waliofungiwa geti. Kwa hiyo ilibidi mtu ajue vitundu hivyo vina upana gani.

"Si mpige picha mpime na rula?" nikasema.

"Picha tunazo. Tuna mashine ya kukuza mpaka uzi unakuwa kama gogo. Lakini picha inaonyesha paa tu, Baba. Hiki si chujio cha chai. Kwenye chujio tundu linaanza hapa linaishia hapa. Hapa tundu linaingia, linapinda, linabanwa na uzi mwingine, linapanuka, linabanwa tena. Seli haijali mlango ni mpana vipi kama koo ni jembamba."

Ningemaliza hapo, ningerudi kukaza vitu vyangu. Lakini jioni ile alikuja na uso ambao mzazi anaujua. Mkuu wao pale maabara, mwanamke wa makamo mwenye miwani inayoning'inia kwa kamba shingoni, alikuwa amemwita. Kupima vitundu ilikuwa ndiyo kazi ya binti yangu, hiyo tu ndiyo aliyoajiriwa kufanya, na mashine iliyotakiwa haikuwako. Mkuu alimwambia waziwazi: kama kipimo hakiwezi kufanyika hapa na kikaaminika, vitambaa vitatumwa ng'ambo vikapimwe na watu wengine, na mwisho wa mwezi meza yake itafungwa.

"Na ikifungwa?" mama watoto akauliza.

"Nitatafuta kitu kingine."

Kitu kingine kilikuwa duka la shangazi yake la misumari na saruji. Hakuna ubaya wa misumari. Lakini alivyosema "kitu kingine" alikuwa akiutazama mkono wa mama yake juu ya meza, na mama yake akauvuta mkono akauweka chini.

Mimi nilikuwa nimeshasimama. "Mashine gani hiyo inayotakiwa?"

Hapo ndipo akacheka kidogo. "Kusema kweli, Baba, ni paipu. Paipu, maji, na hewa. Nilikuwa nataka nikuombe ule mpira wako wa levo."

Kama hujui mjengo, levo ya fundi ni mpira mrefu unaoona ndani, unautia maji, mmoja anashika huku, mwingine kule, maji yakikaa sawa pande zote mbili ukuta wenu uko sawa. Wangu ulikuwa umelala nyuma ya nyumba, umeota ukijani ndani kama koo la chura. Nikamwambia huo haufai, nitaleta mwingine. Kesho yake kabla chai haijapoa nilikuwa mjini.

Karibu na River Road kulikuwa na duka la mzee mmoja wa pwani, mtu wa kofia na tasbihi, ambaye tulizeeka pamoja, yeye upande wa ndani wa kaunta na mimi upande wa nje. Ugomvi wetu ulikuwa mmoja miaka yote: mimi nasema elbo zake, vile viungo vya kona, zinavuja, yeye anasema mkono wangu ndio unaovuja.

"Karibu fundi," akasema. "Leo umekuja na kesi gani?"

"Sina kesi, Shehe. Nataka mpira wa kuona ndani, yunioni moja ya shaba pana, na lastiki laini ya kukata washa."

"Wajenga tangi?"

"Hapana. Nataka kufunga kitambaa katikati ya yunioni, nikisukumie hewa kwa chini, nione kitavuja wapi."

Akaiacha tasbihi. "Hebu rudia, yakhe."

"Kitambaa cha binti yangu, cha maabara. Kivuje."

"Subhanallah! Miaka yote hii waja hapa wanitukana mbele ya wateja, bomba lako lavuja, washa yako yavuja, leo waja kuununua uvujaji wenyewe? Mbona hukusema zamani? Ningalikuuzia bei ya jumla!" Wateja wote wakaangua kicheko, nami nikacheka, lakini miguu yangu ilikuwa mlangoni tayari. Lastiki laini hakuwa nayo ya kuniridhisha. Akatoa chini ya kaunta tyubu ya ndani ya baiskeli, akanikatia kipande. "Chukua. Mwambie binti anitengenezee dawa ya kiungulia."

"Ni ngozi anatengeneza, si dawa."

"Basi ngozi. Yangu imeshachoka pia."

Sasa nikuambie kile chombo kilivyokuwa, maana bila hicho huwezi kuelewa nilivyoharibu. Chini sakafuni kulikuwa na chupa iliyofungwa, nusu maji, nusu hewa. Kutoka kwenye maji yake mpira unapanda ukutani mpaka chupa nyingine iliyo wazi, ambayo mtu anaishika mkononi na kuiinua. Ukiinua, maji ya juu yanabana hewa ya chini. Hewa hiyo inatafuta njia, na njia pekee ni paipu ndogo inayopanda mpaka chini ya kitambaa, kilichobanwa ndani ya yunioni, kiungo cha vipande viwili vinavyokazwa pamoja, kama jibini ndani ya mkate. Juu ya kitambaa unamwaga spiriti, na spiriti inaingia kila kitundu na kukaa humo kama kizibo. Kisha unainua chupa polepole. Kitundu kipana ndicho kinachoshindwa kwanza. Spiriti yake inasukumwa nje na kiputo cha hewa kinatokea juu. Ukisoma chupa imefika wapi ukutani, binti anapiga hesabu zake na kujua kile kitundu koo lake lina upana gani.

Mimi nilimwuliza mara nyingi kwa nini kidogo kiwe na nguvu kuliko kikubwa. Akajibu kwa njia nyingi, na jibu nililolishika ni hili: spiriti inashika kuta za tundu, na katika tundu jembamba kuta ziko karibu, kwa hiyo inashikilia kwa mikono miwili.

Yeye alibandika utepe wa sentimita ukutani. Mimi na utepe hatuelewani, kwa hiyo nilipima kwa mwili wangu. Alikuwa amepiga hesabu kutoka kwenye zile picha akasema: kama vitundu ni vikubwa vya kutosha seli kuingia, kiputo kitatokea chupa ikiwa magotini. Ikipita sana goti, vitundu ni vidogo. Ikifika begani, kiunzi hakina maana, seli zitabaki nje ya geti. Goti, basi. Nililishika hilo neno kama watu wanavyoshika namba ya bahati.

Siku ya kujaribu aliniambia, "Baba, nifungie hiyo yunioni nikiendelea kuchanganya spiriti." Angejua! Kumpa fundi wa mifereji yunioni na kumgeuzia mgongo. Mkono wangu ulifanya ulichozoea tangu ujana. Nilikaza kwa vidole, nikakaza kwa spana ndogo, nikatoa spana kubwa (nilikuwa nimeifukua kutoka kwenye unga), nikazungusha nyuzi za katani nje, nikakaza mpaka shaba ikalia. Yunioni ile ungeipeleka chini ya bwawa.

Akamwaga spiriti. Mimi nikainua chupa. Goti, hakuna. Kiuno, hakuna. Kifua, bega, kichwa. Nikapanda kwenye kiti. Nikanyoosha mkono mpaka dari. Juu ya kitambaa spiriti ilikuwa tulivu kama jicho la maiti.

Nami, mwenzangu, nikasahau niko wapi. Nikapiga kelele kutoka juu ya kiti: "Haivuji! Haivuji hata tone!"

Wenzake wawili waliokuwa mezani kwao wakageuka. Binti yangu akashika kichwa kwa mikono yote miwili.

"Baba. Tunataka ivuje."

"Hee."

"Umeikaza na nini?"

Nikamwonyesha spana. Alipoifungua, kile kitambaa kilichokuwa kama pamba kilikuwa kimebanwa mpaka kinang'aa, kama karatasi ya kufungia sigara. Kila kitundu nilikuwa nimekikanyaga. Mmoja wa wenzake akasema, "Mzee, wewe ungefunga hata mdomo wa bibi yangu," na wote wakacheka, binti pia, lakini kicheko chake kilikatika upesi. Mwisho wa mwezi ulikuwa haujasimama kutungoja.

Kuanzia hapo alinikataza spana. Kufunga ilikuwa kwa vidole tu, na ndani aliweka pete nyembamba ya plastiki ili yunioni ikifika hapo isimame, isiguse kitambaa. Mimi nikaachiwa kazi ya kuinua chupa. Alisema wenzake wana haraka, wanainua kwa kuruka, na kiputo kinahitaji mkono usio na haraka. Hapo mama watoto alipata cha kucheka wiki nzima: mimi kuitwa mtu asiye na haraka! Lakini ni kweli kwamba mwili wangu wote unaweza kuwa unawashwa, ila mkono ukishika kitu cha kazi unatulia. Ni kama wasiwasi wote unashuka kwenye miguu.

Siku zilizobaki zilikuwa mbaya. Umeme ulikatika, sindano haikufuma. Umeme ukarudi, maji yakakatika Nairobi nusu nzima, tukachota ya tangi. Mkuu akasema atakuja kuona kipimo kwa macho yake, kisha akaahirisha, kisha akaahirisha tena. Kila asubuhi nilikuwa nimevaa viatu kabla ya jogoo kumaliza neno lake. Nilitembea mpaka barabara ya Waiyaki na kurudi. Niliwafungia majirani mifereji ambayo hawakuniita kuja kuifunga. Mama mmoja aliniuliza, "Kwani mzee, kwako kuna nini?" Nikamwambia kuna kitambaa. Akaniangalia sana.

Siku ilipofika ilikuwa mchana wa jua. Mkuu akaingia na wale wenzake wawili, akavaa miwani yake, akakunja mikono. "Haya. Tuone."

Binti akafunga kipande kwa vidole, akamwaga spiriti, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa chombo. Mimi nikainua. Kifundo cha mguu. Katikati ya muundi. Goti.

Kiputo.

Kikatoka kingine nyuma yake, na kingine, vidogo vidogo, vikiandamana kama watoto wa bata. Goti kabisa! Wenzake wakapiga makofi. Mkuu akatabasamu, na alikuwa na tabasamu zuri, la mtu aliyewaahidi wengine jambo na sasa jambo limetimia. "Sawasawa na picha," akasema.

Lakini mimi nilikuwa nimesimama upande wenye mwanga. Viputo vile havikutoka katikati. Vilitoka mahali pamoja pale ukingoni, panapokutana lastiki na shaba. Mtu aliyeshinda maisha yake chini ya sinki hawezi kuona kitu kama hicho asikijue. Ile haikuwa hewa iliyopita kitambaani, ilikuwa washa iliyokunjamana.

Nikamtazama binti yangu. Naye alikuwa ameona. Nilijua kwa jinsi shingo yake ilivyokakamaa.

Na nikuambie nilichokitaka, kwa kuwa sina sababu ya kujipaka mafuta. Nilitaka anyamaze. Nilimwomba kwa macho, nikiwa nimeshika chupa ile pale gotini, nyamaza mwanangu, wamefurahi, goti ndilo walilolitaka na goti wamelipata, nyamaza ubaki na meza yako. Nilikuwa na hakika kwamba hakuna mtu mwingine katika chumba kile aliyejua.

Akainua uso. "Daktari, hii si yenyewe. Hii ni ya ukingoni."

"Ya ukingoni vipi?" mkuu akauliza.

"Inapita kwa washa. Kitambaa bado hakijasema kitu."

Mmoja wa wenzake akasema, "Lakini si imetokea pale pale tulipotarajia?"

"Ndiyo maana inaniogopesha," akasema.

Mkuu akainama, miwani ikashuka puani. "Mimi sioni tofauti."

Binti akanyoosha kidole kimoja, akabonyeza ukingo pale viputo vilipozaliwa. Vikakatika. Akatoa kidole, vikaanza. Akabonyeza tena, vikakatika. Chumba kilikuwa kimya mpaka nikasikia mfereji wa sinki ya pembeni ukidondoka, na nikashangaa nilikuwaje sijausikia siku zote hizo.

"Rudia," mkuu akasema.

Akakata washa nyingine kwenye tyubu ya yule shehe wangu, akailainisha kwa kidole akihakikisha haina mkunjo. Akaweka kipande kipya. Spiriti. Nikainua. Goti likapita, na nililitazama likipita kama mtu anavyotazama gari alilokuwa apande. Kiuno kikapita. Nilianza kwenda polepole kupita kiasi, kana kwamba polepole ingesaidia. Kitovu, kifua.

Begani, katikati kabisa ya kitambaa, kiputo kimoja kikatoka, mbali na washa.

Hakuna aliyepiga makofi. Binti akasoma utepe, akapiga hesabu, akasema upana, neno la kitaalamu ambalo sikulishika. Lakini mkuu alilishika. Akavua miwani, ikaning'inia.

"Kwa hivyo picha ilitudanganya."

"Picha ilionyesha paa, Daktari. Koo ndilo jembamba."

"Jaribu kipande kingine. Na kile cha wiki iliyopita. Vyote."

Tukajaribu vyote. Bega. Bega. Kimoja kifuani, nikapata tumaini, kinachofuata kikarudi begani. Nikahamishia chupa mkono wa pili, na binti akasema, "Baba, pumzika," nikasema nimepumzika. Vitambaa vya msimu mzima, kila kimoja kikisema neno lile lile. Mwishowe mkuu akatoka nje na simu yake, tukamwona kupitia dirishani akitembea kwenye nyasi, mkono mmoja kiunoni.

Wale wawili wakarudi kwenye meza zao, wakawa wanajifanya kuandika. Binti akakaa kwenye kiti nilichokipanda ile siku ya spana. Mimi sikuweza. Nikaenda kwenye sinki, nikafunga maji chini, nikafungua kichwa cha mfereji kwa spana kubwa niliyokuwa nimeificha kotini.

"Baba, acha."

"Unadondoka."

"Najua unadondoka. Umedondoka tangu nije hapa. Acha tu."

"Mbona hukunyamaza?" Lilinitoka lenyewe, kwa sauti ndogo, nikiwa nimempa mgongo.

Akasema, "Wangeweka seli juu yake, Baba. Wangengoja. Zingebaki nje. Halafu wangerudi kuniuliza mimi." Baadaye kidogo akaongeza, "Na siku moja wangemwekea mtu."

Nikakata washa kwenye mabaki ya tyubu ile ile ya baiskeli, nikafunga mfereji. Ulinyamaza. Nikaendelea kusimama pale nikiusikiliza usivyodondoka.

Mkuu aliporudi hakuketi. "Hivi vyote ni vya kutupa," akasema, akionyesha vile vitambaa, na binti akaitikia kwa kichwa. "Nyuzi ni nyembamba mno. Zikirundikana zinazibana. Nyuzi zikiwa nene zaidi zitaacha nafasi. Mwezi ujao uanze na uji mzito, upime kila shuka linapotoka, kabla mtu hajaligusa. Na huo mpira hapo ukutani mtu asiuondoe."

Binti akasema, "Sawa, Daktari," kwa sauti ya kawaida kabisa.

Mimi ndiye niliyekuwa sijapata usingizi kwa sababu ya lile neno, mwisho wa mwezi. "Samahani, Daktari," nikasema. "Umesema mwezi ujao?"

"Nimesema mwezi ujao, mzee. Kwani wewe una safari?"

"Sina safari."

"Basi na wewe uje, lakini hiyo spana uiache nyumbani. Nimeisikia habari yake."

Nilitoka pale nikatembea mpaka Uthiru kwa miguu, magoti yakipiga kelele, sikutaka kukaa ndani ya kitu chochote. Karibu kufika nyumbani ndipo nikakumbuka spana kubwa nimeisahau kwenye sinki yao. Nikasimama barabarani, nikageuka nusu, kisha nikaendelea na safari.

Mama watoto alikuwa mlangoni. Binti hakuwa amempigia simu, alikuwa bado anaosha vyombo vyake huko.

"Imevuja?" akauliza.

"Imevuja. Lakini begani."

"Hiyo ni vizuri ama ni vibaya?"

"Ni vibaya sana."

Akashika fremu ya mlango. "Sasa?"

"Amebaki," nikasema. "Ataanza upya na nyuzi nene."

Akanitazama aone kama nimechanganyikiwa. Kisha akaingia ndani, akainua birika kwa mkono wa kushoto, akanimiminia. Akasukuma kiti kwa mguu kuja upande wangu. Chai niliinywa nikiwa nimesimama.